Chumba cha Pampu

Tulipomaliza kukunja turubai la msiba, mama alilisukuma kwa mguu sanduku la vifaa vya baba hadi mbele ya kiti nilichokalia. "Hili lako," alisema. "Mwenyewe alisema apewe mama yake." Mama yake ni mimi. Nilirithi jina la bibi mzaa baba, na tangu nikiwa mchanga baba hakuniita vinginevyo. Wadogo zangu wawili wa kiume walitazamana, kisha wakazitazama zile spana, na sikuwalaumu. Sanduku la fundi mitambo apewe mwanamke anayeshinda ofisini akijibu barua pepe za Wazungu wanaotaka kupanda Mlima Meru na kuona flamingo wa Momela! Hata mimi nisingejipa.

Nililifungua hapohapo uani. Harufu ya grisi ikanipanda puani, na kabla sijagusa kitu nikajua nitakachokikuta chini kabisa. Kilikuwepo, kimefungwa kwenye karatasi nene iliyokunjwa mara nne: memori kadi ya gemu, ile inayotunza ulipofikia, ya kijivu, ndogo kuliko kiberiti. Karatasi nayo niliitambua kwa rangi yake. Sikuikunjua. Niliishika tu mkononi huku watu wakiendelea kunipa pole, na nikawa naitikia, "Tumeshapoa, asanteni," kama mtu mwenye haki ya kupewa pole.

Baba alikuwa fundi wa boila na pampu katika kiwanda kimoja cha serikali hapa Arusha. Miaka ile serikali ilikuwa inaviuza viwanda vyake, na neno mwekezaji lilitufikia masikioni muda mrefu kabla ya mwekezaji mwenyewe. Asubuhi moja wafanyakazi walikuta geti lina mnyororo, wakaambiwa wamepunguzwa. Baba alirudi nyumbani saa tatu, saa ambayo sikuwahi kumwona nyumbani siku ya kazi, akakaa kwenye ngazi na kadi yake mkononi. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi kama ile. Aliichomeka kwenye mashine ya getini ikagongwa saa aliyoingia na saa aliyotoka. Baba alijisifu kwa mambo machache sana, na mojawapo ni kwamba kadi yake haikuwahi kugongwa saa ya kuchelewa. Ile ya mwisho aliichomeka nyuma ya picha ya harusi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Mafao yake aliyafanyia mambo mawili. Kwanza alinitoa shule ya serikali akanipeleka shule mpya ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza, yenye tai na soksi ndefu. Pili alikwenda mjini, kwenye duka la bidhaa zilizotoka Dubai, akarudi na televisheni ya rangi na mashine ya gemu, akafungua kibanda cha gemu katika chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Sombetini, ambacho hadi leo hakijapigwa plasta.

"Wenzako wamenunua mashine za kusaga," mama alimwambia. "Wewe umenunua mashine ya kucheza."

"Mahindi yana msimu," baba alijibu. "Watoto hawana msimu."

Tuanze na hiyo shule, maana ndiyo mzizi wa fitina. Ukikamatwa ukisema Kiswahili, ulivalishwa kibao shingoni, na ulikaa nacho mpaka umkamate mwenzako. Mimi nilikivaa mara nyingi hadi kamba ikaacha alama kwenye kola ya shati, na mama aliifua alama ile bila kujua ni ya nini. Nilikuwa mkia wa darasa. Lakini nyumbani nilikuwa msomi. Wiki ya kwanza tu tulifundishwa wimbo wa siku saba za wiki kwa Kiingereza, na baba alinisimamisha sebuleni mbele ya kila mgeni niuimbe, Jumatatu hadi Jumapili. Aliusikia mara nyingi hata akawa anaimba na mimi, akipiga makofi, akiwahi siku inayofuata kabla yangu. Ndicho Kiingereza pekee alichokuwa nacho, ukiacha majina ya vifaa.

Majirani nao wakaanza kuniletea vya kusoma. Chupa ya dawa ya kupe, kijitabu cha maelezo ya pasi ya umeme, boksi la dawa ya kikohozi. Mtoto wa shule ya Kiingereza ndiye aliyekuwa karani wa mtaa, na mtu hakuuliza anashika nafasi ya ngapi darasani. Nikajifunza ufundi wangu mdogo: unakamata maneno mawili unayoyajua, unakunja uso, na mengine yote unayajaza kutoka kichwani. Dawa ya kupe inachanganywa na maji, hilo nani asiyelijua? Kwa ninavyofahamu hakuna ng'ombe aliyekufa.

Sasa gemu lenyewe. Lilikuja kama nyongeza pamoja na mashine, CD nakala isiyo na jalada, imeandikwa namba tu kwa kalamu nzito, na jina lake silijui hadi leo. Watoto wa mtaani walilijaribu mara moja wakalikataa. Kwenye gemu la mpira, katika nusu saa uliyolipia unafunga magoli matano. Kwenye gemu lile nusu saa inakwisha bado unafungua milango. Kwa hiyo likabaki letu, la mimi na baba, Jumapili mchana ambapo mama alikataza biashara, na asubuhi za likizo kabla wateja hawajaamka.

Hadithi yake ni ya zama zijazo, watu wanasafiri kati ya nyota kama sisi tunavyokwenda Moshi na kurudi. Dada mmoja, dereva wa chombo cha mizigo, anatua kwenye kituo cha wachimbaji kuomba mafuta. Anapiga hodi, taa zinawaka, hakuna anayeitika. Wachimbaji wamegeuka. Wamekuwa warefu na weupe, hawana macho, wanakuwinda kwa kusikia. Dada ana bastola moja na risasi za kuhesabu, na inambidi ashuke ngazi baada ya ngazi hadi chini kabisa, atafute mafuta, arudi.

Lilikuwa gemu zuri. Inaniuma kulisema hilo, maana lingekuwa baya baba angeliacha mapema na mengi yasingetokea. Halikukukimbiza. Bomba likipita ukutani, ukilifuata lilifika mahali. Geji ikionyesha mvuke umezidi, ulikuwa umezidi kweli, na kulikuwa na koki ya kuufungua vyumba viwili nyuma. Baba alikaa mbele ya televisheni akiwa amekunja mikono ya shati, akasema, "Aliyechora hapa amewahi kufanya kazi kwenye boila." Mafumbo yaliyowashinda vijana wa sekondari yeye aliyafungua kwa kuyatazama. Na woga wake ulikuwa wa heshima. Hapakuwa na makelele. Ulisikia maji yakidondoka, hatua za dada, kisha hatua nyingine ambazo si zake.

Lakini lilikuwa na karaha zake. Picha ilikaa kwenye kona ya dari kama mtu aliyepanda juu ya kabati, kwa hiyo mara nyingi ulimwona dada vizuri sana na usione kilichoko mbele yake. Kumgeuza ilikuwa kama kugeuza lori lenye trela kwenye kichochoro. Kila mlango ulifunguka polepole, giza tupu, bawaba zikilia, hata ule uliopitia dakika moja iliyopita. Na kubwa kuliko zote ni kuhifadhi ulipofikia. Haikuwezekana popote, ilibidi utafute mashine maalumu iliyofungwa ukutani, na uwe na kadi, na kadi zilikuwa chache, unaziokota kwenye mifuko ya waliokufa. Unaichomeka, inagongwa, mlio wa chuma.

Baba alipoona mashine ile mara ya kwanza alicheka hadi akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu geti lifungwe. "Hata huko kwenye nyota wanagonga kadi!" alisema. Tangu siku hiyo hakuwahi kuzima bila kugonga, na ratiba ya mgao wa umeme aliibandika ukutani, maana umeme ukikatika kabla hujagonga, kazi yote ya asubuhi imekwenda na maji. Mara tatu au nne ilitupata. Aliitazama televisheni iliyozimika, kisha akasema, "Kesho tena."

Kelele za boila zilikuwa zimemla sikio la kushoto na nusu ya la kulia. Hakusikia zile hatua. Kwa hiyo nilikaa ubavuni kwake, nikimgusa goti: pigo moja, kuna mtu kulia, mawili, kushoto, nikimbana, simama usipumue. Nilikuwa masikio yake, na nilikuwa pia macho yake, kwa sababu kituo kile kilijaa karatasi zilizoachwa na wachimbaji, kwa Kiingereza. Kila tulipookota moja baba aliweka chini pedi, kile kidude cha kubonyezea gemu, akageuka mzima kunitazama.

"Mama, wameandikaje hapa?"

Ya kwanza niliisoma sawasawa. Ilikuwa na maneno matatu, usifungue mlango huu. Ya pili ilikuwa ndefu, nikafanya nilivyofanya kwa dawa ya kupe. Baba alisikiliza kwa makini kuliko alivyomsikiliza mchungaji, akaitikia kwa kichwa, akauliza maswali, na maswali yale ikabidi niyajibu, na majibu yakazaa majibu. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nimetunga hadithi nzima. Niliwapa wachimbaji majina, wake, madeni ya pombe na mpishi mchoyo. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Shuleni nilivaa kibao, nyumbani mtu mzima alininyamazia nizungumze.

Na niliamini nusu ya niliyoyasema. Niliamini kwamba kiwanda cha baba, kule nyuma ya mnyororo, kimekuwa vile. Watu wazima walisema kiwanda kimekufa. Basi walioachwa ndani wamegeuka. Tulipopita kando ya ua wake tukienda mjini nilitembea kwa vidole, na baba akidhani viatu vinanibana.

Karibu na mwisho wa gemu tuliokota karatasi ndefu kuliko zote. Niliona neno la pampu, neno la kusubiri, neno la wote, na neno la kufa. Hili la kufa nililijua vizuri. Lilikuwa kwenye hadithi ya sungura ya darasa la pili. Baba akaweka pedi chini. Uso wake ulikuwa unangoja kitu kizuri, na mimi nilikuwa na uwezo wa kukitoa.

"Wanasema, sisi watu kumi na wawili tupo wazima," nikasoma. "Tumejifungia chumba cha pampu, chini kabisa. Atakayesoma aje atufungulie. Tunasubiri."

"Wazima? Kumi na wawili?"

"Ndivyo walivyoandika."

Namba ile niliiokota kwenye mazungumzo yake mwenyewe. Sehemu yao kiwandani walikuwa kumi na wawili, na aliwataja kila mara alipokunywa chai: nani alikuwa mwepesi wa kuchomea, nani alisinzia zamu. Baba alisimama, akaenda dirishani, akarudi. "Tungekuwa tumekwenda zetu," alisema. "Tungechukua mafuta tukaondoka, na kumbe kuna watu." Tangu siku hiyo hakutaka tena mafuta. Alitaka chumba cha pampu.

Ikaja Jumapili ya mwisho ya likizo. Barua zetu zilipitia sanduku la posta la usharika. Mzee wa kanisa alilifungua Jumamosi, na Jumapili, mnada wa sadaka ukiisha, watu wakishagombea mkungu wa ndizi na trei ya mayai, aliita majina. Aliita la baba. Ilikuwa bahasha ndefu ya khaki yenye muhuri wa kiwanda. Baba aliitia kwenye mfuko wa koti na njia nzima hadi nyumbani hakusema kitu, ila alitembea haraka mpaka mama akalalamika.

Alikaa sebuleni bila kuvua koti. Akaichana bahasha kwa kisu cha jikoni, taratibu, akaitazama karatasi, nene, yenye nembo mpya juu, akaona ni Kiingereza. Akanipa.

"Mama, wanasemaje?"

Nisikilizeni vizuri hapa, maana nimeisimulia sehemu hii moyoni kwa namna nyingi na zote zilikuwa za kujipendelea. Barua ilikuwa fupi. Maneno mengi sikuyaelewa, hilo ni kweli. Lakini niliona jina la baba. Niliona neno la boila, lile analolitaja yeye mwenyewe kila siku. Niliona saa mbili asubuhi. Na niliona Jumatatu. Jumatatu ilikuwa kesho, na kesho ndiyo siku tuliyopanga kufika chumba cha pampu. Tulibakisha mlango mmoja na koki tatu, na Jumanne nilikuwa narudi shuleni kuvaa kibao.

"Wanakushukuru kwa kazi uliyofanya," nikasema. "Wanasema wakihitaji watu watakuita."

"Basi?"

"Basi."

Mama alitokea jikoni na mwiko mkononi. "Watu watoe bahasha kubwa hivyo na stempu, washukuru tu? Kampe mchungaji aisome vizuri."

"Mchungaji wa nini?" baba alisema, na nakumbuka alitabasamu, ijapokuwa tabasamu lenyewe lilikuwa limechoka. "Mimi msomi ninaye nyumbani."

Ningependa kusema nilimwogopea. Kwamba mtoto yule alidhani viumbe weupe watamla baba yake nyuma ya geti, akamwokoa kwa uongo. Nimewahi kumwambia rafiki hivyo, akafuta machozi, akaniita mtoto mwenye upendo. Si kweli. Viumbe sikuwakumbuka hata kidogo dakika ile. Nilitaka asubuhi moja zaidi. Na niliona haya kusema sijui. Ni hayo mawili tu, na hakuna lililo kubwa.

Jumatatu tulianza mapema. Umeme ulikuwepo. Baba alitafuta karatasi ya kuchorea ramani ya koki, akaiona ile barua mezani, akasema, "Karatasi nzuri hii, isitupwe," akaigeuza nyuma na kuanza kuchora kwa penseli. Saa mbili ilipigwa kwenye redio ya jirani. Nilisikia. Nilimgusa goti pigo moja, kulia, na kweli kulikuwa na mtu kulia.

Kwenye saa nne tulifungua koki ya tatu. Mlango wa chumba cha pampu ukafunguka polepole kama milango yote, giza, bawaba zikilia. Ndani walikuwa wamelala mstari mmoja kando ya pampu, wachimbaji, wenye nguo za kazi na nyuso za binadamu. Hawakuwa wamegeuka. Walikuwa wamekufa tu. Baba alimtembeza dada kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, akihesabu kwa sauti.

"Tisa," alisema. "Mama, ulisema kumi na wawili."

"Ndivyo walivyoandika."

Akafikiri. Nilidhani amenishika. "Basi watatu wametoka," alisema. "Wameona wenzao wanaisha, wakatoka. Tuwatafute." Akagonga kadi yetu ya mwisho kwenye mashine ya ukutani, na siku nzima, mpaka watoto wa mpira wakaja na kurudishwa, mpaka mama akaacha kutuita kula, tulikizunguka kituo kile kutafuta watu watatu ambao niliwatoa kichwani mwangu.

Jumanne nilirudi kutoka shule, nimevua tai, baba akiwa tayari na pedi. Tulikuwa ngazi ya pili kutoka chini aliposimama mlangoni Mzee Saidi. Alikuwa fundi mwenzake, mtu wa Kondoa, ambaye tangu kupunguzwa alikuwa akiuza maandazi ya mkewe stendi. Siku hiyo alikuwa na ovaroli mpya, na mikono yake ilikuwa na grisi mbichi hadi viwikoni.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Kisha kwa baba, bila kukaa: "Fundi, jana ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Kuna nini?"

"Kuna nini! Majina yameitwa getini saa mbili. Wazee wote wa boila na pampu. Lako limeitwa mara tatu. Mwekezaji mwenyewe anauliza, huyu yuko wapi? Nikamwambia anakuja, huyu mtu hachelewi, uliza kadi zake. Tukasimama. Saa nne akasema basi, akamwita kijana mmoja wa Moshi aliyekuwa anangoja nje na vyeti." Akapunguza sauti. "Barua haikufika?"

Baba alinitazama. Nilikuwa nimekaa sakafuni na sare ya shule, na soksi zile ndefu. Hakunitazama kwa hasira. Aliniangalia kama anavyoangalia mashine iliyosimama, akitafuta ni wapi palipoharibika.

"Ilifika," alimjibu Mzee Saidi. "Nilikuwa na homa."

"Homa? Ungetuma mtoto!"

"Ndiyo," baba alisema. "Ningetuma mtoto."

Mzee Saidi alipoondoka, baba alikaa tena kwenye stuli yake. Televisheni ilikuwa inawaka, dada amesimama kwenye korido akihema. Nilingoja mkanda. Niliutaka, namwambia kila mtu aliyewahi kupigwa na kusamehewa siku ileile kwamba hajui bahati yake. Baba aliuliza bila kugeuka:

"Na wale wa chumba cha pampu?"

Nafasi ya kusema kweli ilikuwa imewekwa mbele yangu kama sahani. "Walikuwepo, baba," nikasema. "Ila tulichelewa."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Haya, mama," alisema, akanyoosha mkono akazima mashine, bila kugonga kadi.

Jumatano alivaa ovaroli yake ya zamani akaenda getini. Alirudi kabla ya saa tano, akalifungua sanduku hili na kuzipaka mafuta spana zote, moja moja. Gemu lile hakulirudia. Kibanda kilikwenda mwaka mmoja zaidi kwa mpira, kisha televisheni ikauzwa, na baba akawa fundi wa kutengeneza pampu za visima, huku na kule mpaka mashamba ya Terrat, akisafiri kwa baiskeli na sanduku nyuma. Mama hakujua. Kwake, mume wake aliugua homa Jumatatu moja ambayo yeye haikumbuki, na hakuuliza zaidi, au aliuliza mahali ambapo sikusikia.

Adhabu niliyopewa ni kwamba aliendelea kunisomesha. Alijinyima viatu na mvua ikampiga njia ya Terrat ili mimi nibaki na ile tai. Na kuanzia siku ile hakunipa tena kitu nisome. Hata kimoja. Majirani waliendelea kuja na chupa zao, yeye hapana. Nilipomaliza chuo, nilipopata kazi, nilipokuwa naota kwa Kiingereza, bado hakunipa. Baba alipougua alimpa karatasi za hospitali mdogo wangu, ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha, mimi nikiwa nimekaa hapohapo kitandani kwake. Aliniita mama hadi siku ya mwisho. Alinipenda, sina shaka. Kuniamini ndiko alikoacha.

Faraja yangu ilikuwa moja, na niliilea miaka yote: kwamba alidhani sikujua kusoma. Mtoto wa darasa la nne, barua ngumu ya ofisini, nani angeelewa? Alinihurumia, nikajiambia, akaona haya kunisumbua tena. Mtu anaweza kuishi na hilo.

Waombolezaji walipopungua niliikunjua ile karatasi. Nyuma ilikuwa ramani: koki tatu, korido, chumba cha pampu, alama tisa ndogo kwenye mstari, na kando yake, kwa mwandiko wake ulionyooka, "watatu?" Nikaigeuza. Barua ina sentensi nne. Naziandika kila siku sentensi za namna hiyo. Inamtaka fundi wa boila afike getini na vyeti vyake, saa mbili asubuhi, na inasema asiyefika nafasi yake atapewa mwingine.

Juu ya kila neno, kwa penseli iliyochongwa vizuri, palikuwa na Kiswahili. Nikakumbuka kamusi yangu ya shule, iliyopotea wiki nzima mwanzoni mwa muhula ule, nikachapwa kwa kuipoteza, kisha ikaonekana juu ya kabati. Alikuwa ameipitia barua peke yake, neno kwa neno, kama mtu anayefungua mtambo na kupanga vipande chini. Fika. Geti. Cheti. Nafasi. Mwingine. Hata vile vineno vidogo visivyo na maana alivitafuta.

Neno moja tu halikuandikiwa kitu juu yake. Alilipigia mstari, akaliacha. Ni la Jumatatu. Hilo hakuhitaji kulitafuta. Tulikuwa tukiliimba pamoja sebuleni, mbele ya wageni, yeye akipiga makofi.